Kapaa ka Langoni

Juzi kwa harusi Kitale, mzee wa kanisa alijisifu kwamba Wazungu walijenga kanisa lile la mawe kama la kijijini kwao Uingereza, hata kale kapaa ka langoni, mahali pa kuweka jeneza likingoja kasisi.

Nilitaka kumpiga. Chini ya kapaa hako, nikiwa mtoto, mvua ilitufungia tukienda hospitali, Mama amembeba mdogo wangu Wekesa, leso ikinuka homa na matapishi. Mama alimlilia mlinzi.

“Fungua kanisa, baba, mtoto anatetemeka!”

“Mtachafua sakafu, mama. Si mko na paa hapo?”

Ati sakafu! Na mimi nikamwambia asante, nikidhani paa hilo lilijengwa kwa ajili ya wagonjwa.

Wekesa alipoacha kuhema, Mama alipiga nduru. Nikamvuta nguo. “Usilie, Mama, utamwamsha.”