Muuaji Niliyembadilisha

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilikuwa mjini Kisumu nikitafuta betri za redio, nikapita kwa muuza vitabu kuukuu anayetandaza mali yake chini karibu na kituo cha basi. Hapo nikakiona kitabu cha nne cha bawabu. Sijui kama uliwahi kuvisoma. Ni riwaya za upelelezi za Ulaya ya kale, zama za ngome na mapanga, na mpelelezi wake ni bawabu mzee anayejua nani kaingia na nani katoka. Nilikisoma kwa siku mbili, na tangu hapo sina raha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kidato cha pili, tukiishi Kaloleni na nyanya, mama yake baba. Mwalimu wa Kiingereza aliniazima vitabu hivyo kimoja kimoja. Kila jioni nyanya aliketi barazani na ungo wa omena, dagaa wa ziwani, akitoa mchanga na vijiti, harufu imetanda hadi kwa jirani, nami nikisoma na kumtafsiria kwa Dholuo. Hakujua kusoma hata jina lake. Lakini kila kitabu alimtaja muuaji kabla hatujafika katikati, akatikisa ungo akicheka. "Nyakwara, mjukuu wangu, hawa wazungu wako hawajui kujificha." Mimi, mwenye sare na kamusi, sikupatia hata mara moja. Iliniuma.

Katika kitabu cha nne bwana wa ngome anauawa kwa sumu. Tulipofika kwenye chakula cha matanga, nyanya alisimamisha mkono.

"Ni ndugu yake. Aliyefiwa kweli atakumbuka kuitisha chumvi?"

Nilisoma mbele peke yangu. Alikuwa ndugu yake. Kesho yake nikamwambia muuaji ni mpishi.

"Mpishi? Yule anayewapa mbwa mifupa?"

"Ndiyo, nyanya. Imeandikwa."

Akauweka ungo chini. Nilifurahi, sikufichi. Nikafanya hivyo tena katika kitabu cha tano na cha sita, mpaka akaacha kukisia, akawa anasema tu, "Endelea."

Mwaka huohuo mwanamume mmoja alikuja kumposa shangazi, binti wa mwisho wa nyanya. Alileta mkate na sukari, akasema hajaoa, anaishi peke yake. Shangazi alipotoka kumsindikiza, nyanya alininong'oneza, "Kifungo cha shati lake kimeshonwa na mwanamke. Uzi umezungushwa vizuri, kama mtu anayemshonea mume wake." Kisha akajishika kichwa. "Lakini niache. Siku hizi siwajui watu. Hata wa kitabuni wananishinda."

Ningesema neno moja tu hapo. Sikulisema. Naye hakumwambia shangazi kitu, shangazi akaolewa.

Yule bwana alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani kule Katito, na watoto watatu. Shangazi aligundua akiwa tayari ni mjamzito. Alirudi nyumbani, akamuuliza mama yake mbele yetu, "Wewe unayeona kila kitu, hukuona?" Nyanya aliuchukua ungo wake akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusemezana zaidi ya salamu, hadi nyanya alipofariki mwishoni mwa miaka ya tisini.

Miaka yote hiyo nilijiambia ilikuwa hadithi tu, na kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Na nyanya alipokuwa akizeeka kimya kwenye baraza ile, ambayo sasa haipo, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na bado sikufungua mdomo.

Jana nilikwenda Nyalenda kwa shangazi, nikamweleza yote. Alikuwa akikoroga uji. Akaiepua sufuria.

"Kwa hiyo mama aliona?"

"Aliona."

Akaketi. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Baba," alisema, kama anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nimepewa jina la babake. "Ungekuja kabla hatujamzika."