Paa la Asbesto na Watoto Chini Yake

Kabla sijajua nyundo, kulikuwa na kuku wa dada yangu. Kuku mkaidi, halali bandani. Jioni moja akaruka mpaka juu ya ghala la mkonge lililokuwa karibu na kwetu Gatuanyaga, na dada akalia mpaka watu wakadhani kuna msiba. Shule ilikuwa imenishinda darasa la tatu, sikuwa na la kufanya, nikapanda. Mlinzi akapiga kelele kutoka chini: "Wewe! Usikanyage katikati! Fuata misumari!" Maana penye misumari ndipo penye mbao chini yake. Nikafuata misumari, nikamshika kuku miguu, nikashuka. Kuku tulimla Krismasi, lakini ile ya misumari ilinikaa kichwani.

Ndiyo iliyonipa kazi. Fomeni mmoja Thika, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, alikuwa anatafuta mtu wa kwenda juu ya shule ya msingi. Akanijaribu juu ya banda lake la vifaa, akanitazama nikifuata misumari. "Nani fundisha wewe?" Nikamwambia mlinzi. Akacheka. "Basi panda. Hii asbesto si bati. Hapana shika kutu, hapana shika moto, mchwa hapana kula. Itazika mimi, itazika wewe." Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza, na mafunzo yote niliyopewa.

Asbesto, kwa nyinyi mlioikuta ikiondolewa, ni nyuzi za mawe zilizochanganywa na saruji, zikafanywa mabamba yenye mawimbi. Tuliikata kwa msumeno, kavu. Vumbi lake laini kama unga wa ngano, na tulikaa juu yake tukinywa chai. Mwenzangu Mwangi alikuwa na tabia ya kulipuliza ili auone mstari wa penseli. Siku hizi Mwangi akitoka mlangoni kwake kwenda choo, anapumzika mara mbili. Mimi bado natembea, sijui kwa nini.

Sasa, tulikuwa na desturi: ukishusha paa la zamani, mabamba ya zamani ni yako. Wengine walijengea mbuzi. Mimi nilijifanya mkarimu, na hapo ndipo nilipokosea. Mtaani Kamenu kulikuwa na mama mzee aliyelea watoto wa wafanyakazi wa viwandani, tukimwita Cucu, yaani nyanya. Mvua ilikuwa imegeuza mlango wake matope. Nikampelekea mkokoteni mzima wa vipande, nikaviponda kwa nyundo, nikavitandaza. Cucu akaniombea baraka. Wiki iliyofuata nikakuta watoto wanavitumia kama chaki, wanachora nyumba na magari kwenye sakafu yake ya saruji. Mmoja alikuwa anapuliza unga ili mchoro wake uonekane, vilevile kama Mwangi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Miaka ikapita kabla afisa wa afya ya umma hajatukusanya mafundi, akatuambia nyuzi hizo zikiingia kifuani hazitoki, na mtoto ndiye mwenye miaka mingi mbele yake ya kuugua.

"Mheshimiwa, sisi tumeila na chai!" mmoja akasema, watu wakacheka.

"Na Mwangi?" nikauliza. Wote walikuwa wameshamsikia akikohoa.

Kesho yake nilikuwa kwa Cucu na beleshi, nimelowesha udongo, nimefunga kitambaa puani. Nilichimba siku nne. Aliniuliza kama nimepoteza pete. Vipande vikaingia magunia ya nailoni, na afisa akatuma gari. Tangu hapo sikubadilika: watoto nje kwanza, maji kabla ya mkono, ng'oa msumari wala usivunje bamba. Mafomeni wakaniita Baba Maji. Sawa tu.

Kazi ya mwisho ilikuwa chekechea Ruiru. Kontrakta, kijana wa haraka, alifika saa nne asubuhi akakuta nimekaa juu sijagusa kitu. Watoto walikuwa wanaimba chini ya miguu yangu.

"Guka, babu yangu, mbona umekaa kama kasisi? Vunja hizo vitu!"

"Tulisema wakati wa likizo, na uliniambia wamefunga. Watoto wako ndani."

"Si wafunge madirisha?"

"Kijana, naondoa paa. Dirisha litazuia nini?"

"Wewe ni daktari ama fundi? Niko na vijana kumi pale stegi ya matatu wanataka hiyo nyundo."

Hapo alinishika, maana ilikuwa kweli. Nikienda tu, mwingine angepanda. Nikashuka, lakini sikumwendea yeye. Niligonga mlango wa darasa. Mwalimu mkuu alikuwa anafundisha mwenyewe. Nikamwambia yote, hata zile chaki za Kamenu, ambazo sikuwa nimemwambia mtu.

Aliangalia nyundo, akaniangalia uso. Halafu akapiga makofi. "Watoto, shikaneni sweta!"

Wakatoka msururu mpaka uwanja wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Kontrakta akawafuata nje akipiga kelele, nami nikamfuata. Mwalimu, simu bado mkononi, akafunga lango nyuma yetu kwa kufuli.

"Mama, unaniharibia kazi!"

"Nimeshampigia afisa wa afya. Na mtoto wako anasomea wapi?"

Akanigeukia mimi. "Mzee, hii Ruiru yote hutapata kazi tena."

Nyundo ilikuwa yake. Nikamwekea juu ya gari lake, nikavaa koti. Kule kanisani walikuwa wameanza tena wimbo wao, tangu mwanzo. Nikapita kando yao, nikaenda zangu. Sikurudi.