Donge la Unga Chini ya Fenda

Tairi la mbele la kulia lilikuwa limeilamba chupa ya shokomzoba mpaka rangi ikatoka, na kila mtu kwenye yadi aliinama kutazama, kisha akainuka na maoni yake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, tumbo likiambaa ardhini, mali ya daktari wa meno ambaye kila mwaka hupanda nalo mlimani kwenye mashindano. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi.

"Nimelipitisha kwenye tuta moja tu," daktari alisema, kwa sauti ile ya upole ya mtu anayekwambia fungua mdomo. "Tuta moja, huku nakata kona, likalia krrr. Mlimani kuna kona arobaini na moja."

Aliyefunga shokomzoba zile alikuwa fundi waliyemwita Injinia, kwa sababu alisoma chuo na hakuacha mtu asahau. Akafuta mikono kwa kitambaa safi. "Daktari, nimefuata karatasi ya kiwandani neno kwa neno. Labda matairi yako ni mapana."

"Matairi ni yale yale uliyoyavua ukayarudisha."

Hapo mwanamke aliyekuwa amechuchumaa kando ya ukuta, akiosha springi kuukuu kwenye karai, akaweka brashi chini. Alikuwa na jina zuri la nyumbani, lakini uani halikuwa na kazi. Walimwita Madonge.

Miaka tisa nyuma aliingia yadi hii kuosha vyuma vya watu kwa dizeli. Hakuomba kufundishwa, anayeomba hufundishwa nusu. Aliosha, akauliza swali moja kwa siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila fundi akadhani maswali yote ni hayo aliyoulizwa yeye. Mwaka wa tano alikuwa na jeki yake, spana zake, na kovu: springi ilimruka ikamchana dole gumba la kulia, likapona na mstari wa mshazari kama barabara kwenye ramani. Kitu kimoja alikikosa, nacho ni mahali. Alifanyia kazi ukutani, nje, juani. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Banda la mbele, lenye paa na shimo la kusimama chini ya gari, alikuwa nalo Injinia.

Mwenye yadi alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, juu ya matairi mawili, akitafuna kijiti. Madonge akaenda kusimama mbele yake.

"Mzee, nipe mimi."

"Nikupe nini, mama?"

"Gari la daktari. Na banda la mbele. Na ubao getini wenye jina langu. Na ufunguo wa stoo."

Injinia akacheka kwa pua. Mwenye yadi hakucheka. Alikuwa mchuuzi tangu tumboni, na mchuuzi hacheki bei kabla hajaisikia yote. "Heh! Umeamka na njaa leo."

"Daktari ana wenzake sita wanaopanda mlima. Akiondoka hapa na mdomo wake, wataondoka wote. Mimi njaa yangu inakuhusu nini?"

Mwenye yadi akatoa kijiti mdomoni. "Ubao, hapana. Ufunguo wa stoo, hata ndugu yangu wa tumbo moja hana. Banda..." Akamtupia Injinia jicho. "Banda tutaona."

"'Tutaona' ni neno la mtu aliyekwishaona. Sema, mzee, watu wanasikia."

"Haya. Jumamosi gari likishuka mlimani, chupa isiwe imeguswa. Wala mpira wake wa mafuta. Hata mkwaruzo wa ukucha sitaki. Ikiwa hivyo, banda ni lako, na Injinia atahamia ukutani, kofia anayo. Ikiguswa, kusanya vyombo vyako. Yule muuza betri ananisumbua kila siku kuhusu ukuta ule."

Madonge akashusha pumzi kama mtu aliyeporwa. Akautaja ubao mara moja tena, akakataliwa, akakubali kwa shingo upande. Hakuwa na haja ya ubao, na ufunguo wa stoo ungemletea kesi za bure. Anayekwenda sokoni kutafuta kuku huanza kwa kuulizia mbuzi.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa fundi wa viti vya magari, na cherehani yake ilikaa chini ya mwavuli hatua tano kutoka kwenye karai. Alikuwa amesikia kila kitu bila kuacha kushona.

"Wifi, umeweka ukuta wetu rehani kwa kona arobaini na moja?"

"Ukuta wangu. Wewe nani atakufukuza, unayeshona?"

"Ukifukuzwa utakuja kukaa hapa mwavulini, na sura hiyo itanifukuzia wateja."

"Sura hii kaka yako aliililia miezi miwili."

"Kaka yangu macho yake mabovu tangu utoto. Ndiyo maana anaendesha lori. Vitu vidogo havioni."

Madonge akacheka, lakini mikono ilikuwa tayari inafungua nati za tairi.

Shokomzoba ya kawaida hubeba mafuta yake yote tumboni. Ukiikimbiza mlimani, mafuta yanachemka, yanatoa povu, na gari linaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Hizi za daktari zilikuwa na chupa ya pembeni: kopo la chuma nene kiasi cha mkono wa mtoto, limeunganishwa na shokomzoba kwa mpira uliovikwa waya. Mafuta yakipata joto huku, yanapata pa kupumulia kule. Raha tupu, ila chupa hiyo lazima uitafutie mahali, na chini ya fenda, lile bati linalofunika tairi, gari dogo halina nafasi isiyo na mwenyewe. Tena mpira haufunguliwi. Ndani mna gesi. Ukiufungua imekwenda, na mashine ya kuirudisha haipo mjini.

Kosa la Injinia, Madonge alilijua kabla ya kuliona, maana lilikuwa kosa la yadi nzima. Pale kila kitu kilipimwa gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Gari lililoinuliwa ni kama mgeni siku ya kwanza: lina adabu, halichukui nafasi. Lishushe likae, likate kona, likutane na tuta, ndipo utajua linakula kiasi gani.

Akafungua mkoba, akatoa bakuli lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa ngano alioukanda alfajiri jikoni, kama kila siku, huku mama mkwe akimsimamia kichwani: "Unga wangu unalisha magari, wajukuu zangu wanatazama!" Hilo ndilo lililompa jina. Akaitoa shokomzoba pamoja na chupa yake, akaumega madonge ya kiasi cha ndimu, akayabandika chini ya fenda kila mahali ambapo chupa au mpira wake ungeweza kukaa. Tisa kwa jumla. Akatoa springi ili tairi lipande bila ubishi, akarudisha tairi, akaweka jeki chini yake.

"Wifi, ingia ushike usukani."

"Mimi? Kwenye gari la daktari? Na gauni hili?"

"Umeshona viti mia, kalia kimoja."

Wifi akaingia, akajitazama kwenye kioo kwanza. Madonge akapandisha tairi kwa jeki mpaka likagota mwisho wake.

"Kata kulia. Zaidi. Mpaka mwisho."

"Mwisho nitaujuaje?"

"Ukisikia limegoma."

"Aa, kama kaka yangu akiambiwa aoshe vyombo."

"Hivyo hivyo. Sasa kushoto."

Tairi liliposhuka, madonge saba yalikuwa bapa kama karatasi. Mawili yalikuwa mazima. Moja lilikuwa karibu na breki, ambako joto lingeipika chupa, na mtu hanunui shokomzoba za namna ile ili azipike. La pili lilikuwa juu kabisa, mbele, nyuma ya taa, pale upepo unapoingilia. Akalitazama kwa muda. Palikuwa pazuri mno kuwa pa bure.

"Hapo nilipaona," Injinia akasema. Alikuwa amekuja kuchukua spana ambayo haikuwa yake. "Hapafikiki. Shokomzoba ikishafungwa, mpira haunyooki kiasi cha kuipitisha chupa kwenye lile tundu la kwenda nyuma ya taa."

"Ikishafungwa."

"Ndiyo, ikishafungwa."

"Basi isifungwe."

Injinia akatazama tena karatasi yake. Karatasi ya kiwandani ilianza na shokomzoba na kumalizia na chupa, na mafundi wote wa yadi walianza hivyo hivyo. Madonge akaishika shokomzoba mkononi kama ilivyo, akaitanguliza chupa kwenye tundu, akaizungusha, ikateleza ndani. Mpira ukafuata. Mwili ukaja nyuma, ukaingia kwenye kiti chake cha chuma bila kusukumwa.

"Mtoto hutangulia kichwa," akasema. "Wewe ulikuwa unamvuta miguu."

Wifi, bado kwenye usukani, alicheka mpaka akapiga honi.

Lakini furaha ya asubuhi haikufika jioni. Chupa ilikaa, imeshikwa kwa bamba alilolikunja mwenyewe na raba ya tairi la baiskeli katikati isigongane na bodi. Akabandika donge jipya kwenye mpira, wakarudia kupandisha na kukata. Donge likatoka limepondwa upande. Si tairi lililofanya hivyo. Ulikuwa mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa juu. Ukipanda, unaubana mpira kwenye bodi.

Alikaa chini karibu nusu saa, mgongo kwenye tairi. Mwenye yadi alipita, akapunguza mwendo, akaendelea. Muuza betri alipita pia, akiupima ukuta kwa hatua. Madonge aliona, na akaona pia kwamba hatua za mtu yule zilikuwa ndefu kupita haki. Hata kama angeondoka, akawaza, huyu angemwibia mwenye yadi ukuta wa upana wa dirisha zima.

Kisha akainuka, akalegeza shokomzoba kwenye kiti chake, akaizungusha kidogo, mpaka pale mpira unapotokea pakatazama mbele badala ya nyuma. Mpira ukapita mbali na ule mkono wa chuma, ukalala kwenye pindo la bodi kama ulizaliwa hapo. Wakapandisha. Wakakata. Donge zima.

Alhamisi wakafanya upande wa kushoto. Huko chupa ya maji ya kufutia kioo ilikuwa imekaa kama mwenye nyumba. Akaisogeza vidole vinne, ikakubali. Jioni springi zikarudi, gari likashushwa. Akaalika watu wote, Injinia akiwemo, akaingiza mkono chini ya kila fenda na kubandika donge moja kwenye mpira, upande unaotazama tairi, pale ambapo kitu chochote kingegusa kwanza. Kila donge akalikandamiza kwa dole gumba.

"Ya nini hiyo?" mwenye yadi akauliza.

"Shahidi. Mimi Jumamosi sitabishana na mtu."

Jumamosi hakwenda mlimani. Aliosha springi. Wifi alishona mshono mmoja mara tatu, akaufumua mara tatu, akasema uzi mbovu. Saa tisa na nusu alasiri honi ikasikika mbali, ndefu, haikatiki, na gari dogo likaingia getini jekundu kwa vumbi, daktari kichwa nje ya dirisha.

"Wa tatu!" alipiga kelele, na ule upole wa fungua mdomo haukuwepo tena. "Miaka sita mimi ni wa tisa, wa kumi. Leo wa tatu! Kona ya mwisho lilikuwa limetulia kama kona ya kwanza! Nani fundi? Yuko wapi fundi?"

"Subiri, daktari," mwenye yadi akasema, na akaita tochi. "Kwanza tuna jambo letu."

Akalala chali kwenye vumbi na tumbo lake lote, akaingiza kichwa chini ya fenda ya kulia, kisha ya kushoto. Wifi akaacha kushona. Akatoka, akajikung'uta vumbi.

"Yamo," akasema. "Mazima."

"Ameyabandika sasa hivi!" Injinia akaruka. "Unga ni unga, mzee!"

"Gari limeingia sasa hivi na mimi niko kwenye karai," Madonge akasema. "Gonga."

Mwenye yadi akachukua spana, akagonga donge. Ko. Ko. Siku mbili za upepo zilikuwa zimelikausha kama jiwe, na vumbi jekundu la mlimani lilikuwa limelifunika lote, mpaka ndani ya alama ya dole. Akamulika tena. Katikati ya alama ulipita mstari wa mshazari.

"Lete mkono wako, mama."

Dole likaingia kwenye alama kama mguu kwenye kiatu chake.

Kelele iliyofuata iliwatoa watu wa duka la jirani. Wifi alitupa mkasi hewani, na ni bahati kwamba ulianguka palipo wazi. Daktari alimshika Madonge mikono yote miwili, na mafuta yake, akamwuliza anataka nini, aseme chochote.

"Wale wenzako sita waje kwangu," akasema. "Na mfuko wa unga kwa mama mkwe. Mkubwa."

Hakungoja Jumatatu. Ahadi ya mchuuzi huchukuliwa ingali moto. Kabla ya saa kumi na moja jeki yake ilikuwa bandani, karai lake liko bandani, na yeye amesimama ndani ya shimo, kichwa chini ya gari la daktari, akitazama kwa mara ya kwanza tumbo la gari bila kulala chini. Muuza betri alikuwa ameshajiondokea.

Injinia aliweka sanduku lake ukutani, kwenye jua la jioni, akakaa juu yake. Baada ya muda akaja mpaka ukingoni mwa shimo, kofia mkononi.

"Donge," akasema. "Unatia maji kiasi gani?"

Madonge akamtazama kutoka chini, akafikiri kama siri hiyo inauzwa.

"Machache. Lisishike kidole." Akarudisha macho juu kwenye chuma. "Hilo ndilo swali la leo. Lingine uje nalo kesho."