Orodha ya Wapigaji Niliyoisoma Kanisani

Aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu anajua nusu yake tu, na hiyo nusu niliipunguza chumvi.

Ilikuwa Brussels, katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na ugonjwa ambao Mtanzania mwenzangu yeyote angeucheka: nilipenda besiboli. Timu ya mtaa wetu wa Evere ilicheza kwenye uwanja wa majani nyuma ya maghorofa, mashabiki hatukuzidi ishirini (pamoja na mbwa), na kabla ya kila mechi nilijipa kazi ya kupanga nani apige wa kwanza na nani wa mwisho, ingawa kocha hakuwahi kuniuliza.

Jumapili ya kufungua msimu, mahubiri yakiwa marefu katika kanisa letu la Wakongo huko Schaerbeek, nikatoa kikaratasi. Wa kwanza Luc, kwa kuwa ana mbio. Wa pili Johan, hana nguvu lakini ana subira, mpira mbaya haufuati. Wa tatu Marc, ambaye hakosi. Wa nne ndiye wa kuupiga mpira mbali ili waliomtangulia wote warudi, na hapo nikamwandika Floribert, rafiki yangu, kijana wa Bukavu aliyekuwa akihudumia wazee. Msimu mzima uliopita alikuwa amepigishwa wa nane, na sasa kocha alikuwa amemwahidi: leo utajaribiwa wa nne, ukishindwa unarudi ulikotoka. Nikaendelea hadi wa nane. Wa tisa nilishindwa kuamua, nikaweka alama ya kuuliza, nikakikunja kikaratasi na kukitia mfuko uleule uliokuwa na orodha ya marehemu wa mwezi, ambao mimi ndiye niliyepangiwa kuwasoma (Wakongo waliamini kwamba Kiswahili changu cha kitabuni hakiwezi kukosea).

Nikaitwa mbele.

"Luc," nikasoma.

"Apumzike kwa amani," kanisa likajibu.

"Johan."

"Apumzike kwa amani."

Hapo nikatambua nimetoa karatasi ipi, maana kati ya watu wa Kivu waliojaa mle ndani, Johan, jina la Kibelgiji hasa, angekuwa wa nani? Ningesema samahani, nikatoa karatasi nyingine, yakaisha. Lakini niliamini kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu hakosei hadharani (nilikuwa na miaka arobaini na mitano, si mtoto), nikajiambia haya ni majina ya ubatizo tu, nani atajua, nikasoma Marc. Jina la nne nilitaka kuliruka. Mdomo ukalitamka wenyewe.

Floribert alikuwa benchi la tatu, kando ya mama yake. Akajibu pamoja na wote, kwa sauti yake nene, kwa mazoea tu: "Apumzike kwa amani." Kisha nikaona usoni mwake kwamba amesikia alichokisema. Mama yake hakufungua mdomo.

Nilipofika kwenye alama ya kuuliza nikanyamaza. Kanisa likangoja kidogo, halafu, kwa sauti ya chini kuliko zote, likajibu vilevile, na mpaka leo sijui tulimwombea nani.

Mama yake, Maman Véronique, alinikamata mlangoni.

"Weye njo uliweka mutoto wangu mu wafu?"

"Maman, ilikuwa karatasi ya besiboli."

"Mi sikuuliza karatasi. Leo haendi kucheza."

"Maman!" Floribert akalia. "Hii place nimeingojea mwaka muzima!"

Mama akanitazama kutoka viatu hadi nywele. "Bon. Alors huyu papa tutaenda naye. Ule alikuita, njo atakurudisha. Na wenzako wote, mumoja mumoja, kwa jina, mbele ya bantu."

Mchana ukungu ulikuwa umeshuka uwanjani, wachezaji wa mbali wakaonekana vichwa bila miguu. Kocha akasoma orodha yake, na ilifuatana na yangu jina kwa jina. Luc akaingia. Nikaona haya kupiga kelele. Mpira wa kwanza ukamgonga kwenye kofia ngumu, akaanguka kama koti lililotoka kwenye msumari, na mashabiki wote wakasogea mbele, hata mbwa. Maman Véronique akanisukuma kwa kiwiko. Nikasimama: "Luc ni mzima!"

Luc akajiinua, akapewa kituo cha kwanza bure, kama apewavyo kila anayegongwa na mpira. (Angeinuka tu. Nadhani.)

Basi tangu hapo sikujizuia tena. "Johan ni mzima! Marc ni mzima!" nikapaza kwa Kiswahili sanifu, na Wabelgiji wakasogeza viti vyao taratibu, mbali nami. Johan akapata kituo, Marc naye, na Floribert akaingia vituo vyote vitatu vikiwa na mtu wetu anayengoja kurudishwa. Siku yake ilikuwa imefika.

"Kwa nguvu, papa," mama yake akaninong'oneza.

"Floribert ni mzima!" Akashtuka, akapiga hewa. Nikarudia, nikiamini kabisa kwamba nikinyamaza ataanguka. Akapiga hewa tena. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika katikati ya jina lake, na gongo lake likapita juu ya mpira. Kwa kukosa mara tatu, akatolewa.

Alirudi akiburuta gongo. Mama yake akamshika mashavu yote mawili, akamshukuru Mungu kwa machozi. Floribert akanitazama juu ya bega lake.

"Tonton," akasema, kama mtu anayemwita mjomba wake, "ungeniacha tu mufu."

Msimu ule wote alipiga wa nane. Nami nikaapa, na kiapo nimekishika: nikikosea mbele za watu, nasema nimekosea kabla ya jina la pili.