Ulanzi Niliompa Mama

Mwanangu, acha kuzungukazunguka hapo jikoni, kaa. Au basi simama, maana hata mimi baba yako nikisimulia hili siwezi kukaa. Daktari amekukataza sukari, leo siku ya tano, unatetemeka na unamgombeza kila mtu. Hali hiyo naijua. Ilinipata miaka ya hamsini, wakati nafyatua matofali kijijini kwetu, nje kidogo ya Iringa, na yaliyofuata hayajanitoka moyoni mpaka leo.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda, kimegoma kupona. Sista wa hospitali alimwambia wazi, "Mama, ukiendelea na sukari, mguu huu tutaukata." Tuliporudi nyumbani nikamwahidi mama kwamba tutaacha wote wawili, asiteseke peke yake. Nikajiona mtoto mwema kweli! Kopo la sukari nikampa jirani.

Lo! Siku ya tatu kichwa kiliniuma, mikono ikawa mizito, hata udongo wa matofali ukanishinda. Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Naingia ndani, natoka, naingia tena, sijui natafuta nini. Mama anakunja uso juu ya kikombe cha chai isiyo na sukari.

Basi ulikuwa msimu wa ulanzi. Kwetu wanakata ncha ya mwanzi mchanga, wanatega chombo, asubuhi wanakuta kimejaa maji matamu. Huo wa asubuhi haujachacha, hata watoto wanapewa. Hakuna anayeuita pombe, na hakuna anayeuita sukari. Nikanywa kata moja palepale kwenye mianzi. Mikono ikapata nguvu. Nikanywa ya pili, kisha nikajaza ya mama.

"Kunywa, mama. Haya ni maji ya mianzi tu."

Akanywa, akanishukuru sana. Nikampelekea kila asubuhi, wiki tatu nzima.

Tuliporudi hospitali, sista akachemsha mkojo wa mama pamoja na dawa ya bluu kwenye kichupa. Ikageuka nyekundu kama tofali lililoiva, yaani sukari imejaa. Akauliza tumekula nini. Nikaapa kwamba nyumbani hakuna sukari hata chembe, na mama akanitetea: "Sista, usimwonee mwanangu. Ameacha sukari kwa ajili yangu."

Sista akanigeukia mimi. "Na ulanzi je?"

Nikajibu kwamba hayo ni maji ya mianzi tu.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Majirani wakasema maskini, kijana hakujua. Mama naye akawa anasema hivyohivyo kwa kila mgeni, tena kwa upole. Uongo mtupu! Nilijua. Kata ile ya kwanza ilipoirudishia mikono yangu nguvu, nilijua ni sukari ileile. Sikutaka kumuuliza mtu, kwa sababu jibu lingeninyang'anya ulanzi wangu. Mama alikufa akinitetea, nami sikuwahi kumwambia ukweli.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Uchovu huo si uvivu, usijitukane. Ukichoka, lala. Kula maharage yako na mboga kwa wakati, usishinde na njaa ukidhani ndiyo ushujaa. Hamu ikikukamata toka nje, tembea, piga kelele ukitaka, tumeshakuzoea. Ukiona jasho na kizunguzungu, twende kwa daktari, usijitibu. Na ukipata kitu kitamu ambacho moyo wako unakutetea kwamba hiki si sukari, hapohapo kaulize. Ukianguka leo, niambie leo, sitakupigia kelele. Mimi nani hata nikupigie kelele?

Mungu akupe usingizi, akupe subira na huo mwili wako. Na ukikosea, akupe ujasiri wa kutuambia mimi na mama yako tungali hai.