Nzi Wenye Vichwa Vyekundu

Nyumbani kwetu mume alikuwa akikamata nzi na mke akiwatengeneza. Nikisema hivyo leo watu hucheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu wakati ule hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Shinyanga, enzi za Mwingereza, mbung'o walipokuwa wamelishika pori lote la upande wetu na ng'ombe wakifa. Serikali ilileta wazungu wa kupambana nao. Vijiji vikaitwa kwenda kukata vichaka, na mume wangu akapata kazi kwenye kikosi cha wakamataji. Wawili wanabeba kitambaa cheusi kilichotandazwa kwenye fito, wanatembea porini taratibu, mbung'o wanadhani ni mnyama, wanakuja kutua, na wenzao wanawanasa kwa vyavu vidogo. Lakini si wote waliouawa. Baadhi walitiwa tone la rangi mgongoni, jekundu au jeupe, wakaachiwa waende zao, ili wakikamatwa tena ijulikane wameruka umbali gani. Mume wangu alinieleza hayo nikaelewa. Kamweleze basi mtu ambaye ndama wake amekufa jana.

Mimi ni mzaliwa wa mjini. Baba alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani akapitia Tabora, mama Msukuma, na ufundi wangu ulikuwa kushona kofia za mkono, zile za matundu madogo madogo ambazo mtu asiye na subira hawezi kumaliza hata moja. Mume wangu alisilimu akiwa kibarua mjini, akanioa, akanipeleka kuishi kwa mama yake, nje kidogo ya mji. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye ng'ombe wake, na alinipenda. Niseme ukweli ingawa unaniuma. Asubuhi nikimwamkia, "Mwangaluka, mayu," alinijibu huku akiniita ng'wana wane, yaani mwanangu, na alimwita hivyo hivyo binti yangu aliyekuwa ameanza kukimbia. Mahari yangu ilikuwa imelipwa kwa ng'ombe, ikalipwa yote. Kwa hiyo nilijua, kama kila mwanamke wa pale alivyojua, kwamba mtoto ni wa boma lile. Siku nikiondoka, nitaondoka peke yangu.

Mkubwa wa mume wangu kazini alikuwa mzungu mwembamba mwenye ugonjwa wake wa kupenda kuvua samaki. Hakuwa akivua huku. Mto wetu miezi mingi ni mchanga mtupu, unachimba ndipo upate maji. Alikuwa akingoja likizo aende milimani, mbali, kwenye vijito vya baridi ambako wenzake walipandikiza samaki wa madoa kutoka kwao. Na samaki hao hawavuliwi kwa chambo cha minyoo. Wanavuliwa kwa nzi wa manyoya aliyefungwa kwenye ndoana. Basi kila jioni bwana yule, baada ya kushinda akiua nzi, aliketi barazani kwake kuwaumba.

Homa ndiyo iliyoniingiza mimi. Ilimpiga mfululizo hadi vidole vikawa vinatetemeka, hawezi hata kuzungusha uzi kwenye ndoana. Akamwuliza mume wangu ni nani aliyeshona ile kofia yake. Kesho yake nikaitwa, mume wangu akakaa kando yetu kama adabu inavyotaka, nikaanza kufundishwa.

Ndoana ndogo, ndogo kuliko ukucha wa mtoto, unaibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza. Uzi ni wa hariri, unaupitisha kwanza kwenye nta ili ushike. Unaanzia karibu na tundu la ndoana, unarudi nyuma mpaka pale inapoanza kupinda, unafunga mkia wa nyuzi chache za unyoya. Halafu unachukua manyoya ya sungura, kidogo sana, unayasokota kwenye ule uzi kwa kidole gumba na cha shahada, na huo uzi wenye manyoya ndio unaouzungusha kuwa mwili. Mimi niliona aibu kutia kidogo, nikatia kama mtu anayepakua wali wa wageni. Yule bwana akamwinua nzi wangu wa kwanza, akamtazama. "Huyu ameshiba," alisema. "Samaki hapana taka nzi ya kushiba." Akachukua wembe, akamkata wote, nikaanza upya. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki.

Shingo ndiyo ngumu. Unataka unyoya wa shingo ya jogoo mzee, kwa sababu wa jogoo kijana ni laini, ukilowa unalala. Unaukunja kidogo juani uone kama nyuzi zake zinasimama zenyewe na kung'aa. Unauzungusha mara mbili tatu, basi, tamaa iishie hapo. Mabawa ni ya unyoya wa kanga, na kwa nzi wa kuzama majini yanalala mgongoni, moja juu ya jingine. Mwisho unafunga kichwa kwa fundo linalojimeza lenyewe, tone la vanishi, kwisha. Kosa la kila mwanagenzi ni kusahau kuacha nafasi ya kichwa, akifika mwisho tundu la ndoana limezibwa na uzi na kazi yote ni bure. Niliziba matundu mengi. Baadaye sikuziba tena, nikaipenda kazi ile kuliko kofia, nami sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Uzi wake mweusi ulipoisha, nikafungia vichwa kwa hariri nyekundu iliyobaki kwenye kofia zangu. Aliwapenda. Akasema samaki nao watawapenda.

Wakati huo ng'ombe wa mama mkwe walikuwa wamekwisha kuanza kuugua. Ng'ombe mwenye ugonjwa ule anakula na anakonda. Manyoya yanamsimama, macho yanatoa machozi, kisha siku moja hainuki. Akafa wa kwanza, akafa mwenye mimba, akafuata yule mweupe ambaye mama mkwe alimpigia vigelegele alipozaliwa. Kila jioni alikwenda zizini akasimama katikati ya waliobaki akiwashikashika migongo. Nami niliona nikaumia, nikampelekea uji, akaunywa humo humo zizini.

Maneno yalikuwa yakizunguka vijijini: wazungu wanawapaka mbung'o rangi na kuwaachia. Hilo lilikuwa kweli, watu wamewaona kwa macho yao. Kutoka hapo safari ni fupi. Anayeweza kumpaka rangi, atashindwaje kumtengeneza?

Bwana yule akaenda likizo yake milimani. Kabla ya kuondoka aliniachia jiliwa, ndoana na manyoya, akasema akirudi akute nzi wengine. Nikawa nafungia nyumbani, mchana, mtoto akiwa amelala. Waliokamilika niliwatia kwenye kopo la sigara na kulisukuma chini ya kitanda, kwa sababu moja tu: binti yangu alishawazoea, akiwaita vifaranga, nami niliogopa ndoana zisimchome.

Mama mkwe aliingia chumbani kwangu kufagia, wema wake, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Ufagio ukavuta kopo. Nilipofika na mtungi kichwani nilimkuta amekaa sakafuni, kopo limefunguka mapajani mwake. Ndani yake walikuwa wamelala safu kwa safu, wa kahawia, mabawa yamelalia mgongoni moja juu ya jingine, vichwa vyekundu. Nawe kamwulize mtoto yeyote wa wafugaji mbung'o anajulikanaje. Atakwambia, kwa mabawa. Nzi wengine huyaacha wazi. Mbung'o huyalaza moja juu ya jingine.

"Ni wa samaki, mayu," nilimwambia.

"Samaki gani?" aliniuliza. Na Shinyanga ile, kiangazi kile, ningemwonyesha samaki gani?

Kesho yake asubuhi wakakusanyika zizini, kulikokuwa na nafasi kubwa sasa. Walikuwepo mama mkwe, baba mdogo wa mume wangu ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na majirani waliokwisha kufiwa na ng'ombe wao. Mama mkwe hakuniita ng'wana wane. Alisema, "Mwanamke huyu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikawaambia, msinisikilize, nitazameni tu. Nikaleta jiliwa, nikalibana kwenye mti wa mlango wa zizi, nikaweka manyoya mbele yao, wakayashika wenyewe. Huu ni unyoya wa jogoo. Huu wa kanga. Haya ya sungura. Nikafunga. Nilikuwa nikifungia ndoa yangu na mtoto wangu, kwa hiyo sikutetemeka hata kidogo, na Mungu anisamehe, sijawahi kufunga nzi mzuri kama yule. Mwili mwembamba, shingo imesimama, kichwa chekundu hakizidi punje ya ulezi. Nikakata uzi.

"Kumbe ndivyo wanavyozaliwa," alisema jirani mmoja, taratibu.

Hapo nikaelewa kwamba maji yamezidi unga. Ningefunga vibaya, wangeona manyoya. Nilifunga vizuri, wakaona mbung'o. Kila nilichojua kufanya kilikuwa ushahidi, na sikuwa na kingine ninachojua kufanya.

Mume wangu akasimama. Simlaumu kwa lolote, alisimama. "Haya ni manyoya," alisema. "Jogoo nilimshika mimi, nikamnyonyoa mimi. Mbung'o nawajua, ndiyo kazi yangu." Akamtoa yule nzi kwenye jiliwa, akakunja mkono wa shati, akamweka juu ya kigasha chake ili wote waone. "Mwoneni. Hana uhai. Haumi."

Kikavuma kiupepo cha vumbi, kile cha kiangazi, kidogo tu. Nyuzi za shingo ya yule nzi zikatetemeka. Na mume wangu, aliyekuwa bado anasema, alijipiga kofi pale pale.

Mkono wa mkamata mbung'o haungoji ruhusa. Miaka yote ile porini ulikuwa umefundishwa jambo moja. Lakini mbung'o hana ndoana tumboni. Iliingia nyamani yote, damu ikachuruzika hadi kiwikoni, naye akapiga yowe. Zizi zima likarudi nyuma. "Amemwuma!" walisema. "Amemwuma mwenyewe!"

Nilikimbilia kwake na koleo ndogo mkononi. Nilijua la kufanya. Ndoana ile ina kijino cha nyuma, hairudi ilikotoka, unaisukuma mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, unakata kijino, ndipo unaichomoa. Baba yake mdogo alinizuia kwa fimbo kifuani. Waliivuta wao, wakaivuta kinyume, ikatoka na kipande cha nyama, na nyuzi nyekundu zikabaki zimeganda na damu. Mama mkwe alikuwa analia. Sijui hadi leo kama alilia kwa ajili ya mwanawe, ng'ombe, au mimi.

Jioni mume wangu alinifuata nilikokaa nyuma ya ghala, mtoto amelala mapajani mwangu.

"Wewe unajua ni manyoya," nilimwambia.

"Najua."

"Basi waambie."

"Nimewaambia," alisema. "Nimewaambia mpaka nimetoka damu." Kisha akaniuliza mimi, mwanamume mzima yule, "Tufanye nini?" Tukakaa pale tukiwasikiliza ng'ombe waliobaki.

Hawakunipiga. Wako waliouawa kwa madogo kuliko hayo, nami nalijua hilo. Mama mkwe alinisindikiza hadi kwenye njia ya mjini, binti yangu amembeba kiunoni upande wa mbali nami. "Nenda, ng'wana wane," alisema. "Sikukupeleka kwa mganga. Nenda tu." Aliniita mwanangu, akanifukuza, na vyote viwili alivitoa moyoni. Nilinyoosha mikono nimshike mtoto mara moja. Aligeuka, akaenda naye.

Nilingoja yule bwana arudi aje anisemee. Nikasikia amehamishiwa upande wa Geita, kulikofunguliwa machimbo ya dhahabu, na jiliwa lake nikabaki nalo mimi. Hata angerudi, shahidi wangu angekuwa bwana wa mbung'o. La kuvunda halina ubani. Nikiwa kwa baba, ng'ombe kule waliendelea kufa, na hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Kisha vichaka vikakatwa vikaisha, mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaanza kunenepa. Watu wakasema, si mnaona? Tangu aondoke!

Binti yangu aliletwa kuniamkia akiwa msichana mrefu, na baba yake alibaki mlangoni, mkono wa shati umeshuka hadi kwenye kiganja. Nilikuwa nimengojea siku ile kwa miaka. Nilipika maandazi, nikaficha kofia na nyuzi zote asizione. Alisema, "Shikamoo, mama," nikasema, "Marahaba," tukakaa kwenye mkeka mmoja, akala andazi kwa utaratibu, macho chini. Nikaona ana vidole vyangu.

Akaja nzi, nzi wa jikoni tu, akatua shavuni pake. Niliinua mkono nimfukuze. Akarudi nyuma upesi, akaukinga uso kwa kiganja, akamtazama nzi alivyoruka, kisha akanitazama mimi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kwa adabu yote aliyofundishwa na bibi yake:

"Mama, na huyu ni wako?"