Aliyemfundisha Kutazama

Zenebech sasa ni bibi wa wajukuu saba, lakini akisikia harufu ya pilipili ikikaangwa humkumbuka Workinesh, shangazi yake, waliyeuza naye pilipili katika soko la Merkato, Addis Ababa.

Kila asubuhi wakienda sokoni, shangazi alimjaribu. "Usigeuke. Nyuma yetu kuna nani?"

"Mama mwenye kuku, na mzee wa punda."

"Na yule wa koti la kijani umemwachia nani aje akuonee? Au macho yako ni ya kupaka wanja tu?"

Zenebech alikuwa na miaka kumi na tisa, na maneno hayo yalimchosha.

Kisha ikaja mkesha wa Pasaka, soko limefurika. Mwanamume mmoja akamkanyaga Zenebech, akaanza kumwomba radhi kwa maneno mengi huku akimpangusa mtandio. Radhi zile zilizidi mno. Zenebech akaacha kumtazama, akatupa macho upande wa pili, akaona mkono wa mtu mwingine ukizama kwenye kikapu cha shangazi.

"We kaka! Hicho kikapu kina mwenyewe!"

Wauzaji wote wakageuka. Mkono ukatoka mtupu, na wale wawili wakatokomea.

 Shangazi alimshika mkono kama mtoto mdogo, wala hakumwachia mpaka nyumbani. Zenebech hakuona haya. Hata leo anautamani mkono ule, uliokuwa mgumu kwa kutwanga.